Shubiri Tatu na Vidole Vinne

Tangu Ramadhani iliyopita magoti ya mama yamegoma.
Mkekani haketi, na akiketi hainuki
mpaka tumshike makwapa, mimi huku, Famau huku,
naye akicheka kicheko cha mtu anayeona haya.
Tukampa kiti cha plastiki na sahani ya mapajani.
Akala matonge mawili, akanawa.
"Mimi huku juu, nyinyi huko chini,
nala kama askari wa zamu?"
Mkono wake haukufika kwenye sinia letu.

Nikaenda kwa fundi Shekuwe, Majengo.
Akapokea elfu mbili za kuanzia, akaniandikia risiti
kwa penseli aliyoichomoa sikioni.
Njoo Ijumaa. Ijumaa mbao zilikuwa mbichi.
Ijumaa ya pili, umeme. Ya tatu, yuko mazikoni.
Ya nne nikamkuta amelala fofofo
juu ya kitanda cha bi arusi wa watu.

Basi.
Nikashuka Shimanzi, nikanunua paleti mbili
zilizobeba marumaru kutoka sijui nchi gani.
Mwenye mkokoteni akauliza, "Kuni, dada?"
"Meza."
Akazitazama, akanitazama,
akaongeza hamsini kwenye nauli.

Uani, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo,
nikang'oa misumari mmoja mmoja,
ikilia kama mlango wa jirani alfajiri.
Iliyopinda niliinyoosha juu ya kizingiti.
Bi Nyevu akachungulia kutoka dirisha la juu:
"We Rukia, huna mume wa kukupigia msumari?"
"Misumari ninayo, Bi Nyevu. Nyundo pia."

Futi sikuwa nayo.
Nikamketisha mama kitini, nikamwambia akunje mkono
kama mtu ataka kumega mkate wa mofa.
Toka sakafuni hadi kiwikoni:
shubiri tatu na vidole vinne.
Nikapiga mstari wa mkaa ukutani,
pale pale marehemu baba alipotuandikia vimo vyetu,
Famau akinizidi kidole kila Idi.
Mstari wa mama ukaangukia chini ya yote.

Msumeno wa kuazima una meno ya kizee,
moja lipo, moja halipo.
Ubao wa kwanza nikaukata mfupi.
Wa pili mfupi zaidi, kwa kuufuata wa kwanza.
Unga wa mbao ukaingia birikani,
na chai ya saa kumi tukainywa ikinuka msonobari.
Mguu mmoja niliupiga randa mpaka ukang'aa.
Mitatu niliipiga mpaka nikachoka.

Ubao wa katikati umebaki na chapa ya safari yake,
mshale mweusi wa kuonyesha upande wa juu.
Nimeulaza, haujui tena juu ni wapi.
Msasa haukuufuta.
Mama akaupapasa kwa ncha ya kidole.
"Na huu, waelekea kibla?"
"Waelekea jikoni, mama."
"Haidhuru. Si mbali."

Tukaiingiza ndani kwa ubavu, kama ng'ombe asiyetaka zizi.
Tukaisimamisha. Ikayumba.
Nikaigeuza, nikapima miguu kwa uzi: sawa.
Nikapima tena: sawa.
Sakafu ndiyo iliyopinda,
miaka yote hii, nasi mkekani hatukujua.

Nikaitafuta risiti ya fundi Shekuwe,
nikaikunja mara nne, nikaisokomeza chini ya mguu wa dirishani.
Ikatulia.
Elfu mbili zangu zimefanya kazi.

Mama akavuta kiti, viwiko vikapata pa kulala.
Famau akakalia ndoo, mimi debe.
Wali wa nazi, mchuzi wa changu.
Mama akachambua kinofu, akakitoa miba,
akakiweka upande wangu bila kuniangalia,
kama mtu ambaye hajawahi kukosa siku hata moja.

"Hii meza ina vibanzi," akasema Famau, akifyonza kidole.
"Kula," akasema mama.